Programu Isiyofutika

Katika ripoti yake ya mwisho, Inspekta Tecla Chepkurui aliandika bila kujitetea kwamba ushahidi ulimjia mkononi saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, naye akaufuta kwa kidole gumba.

Hakuna aliyemlazimisha kuliandika jambo hilo. Hakuna hata aliyelijua. Lakini Tecla alikuwa mtu wa kuandika mambo kama yalivyotokea, na hivyo ndivyo yalivyotokea.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama katika zizi tupu kwenye kilima cha Chebirir, nusu saa kwa gari kutoka Kapkatet. Nyasi za jana zilikuwa bado horini. Ndoo ya kukamulia ilikuwa imepinduliwa juu ya kigingi, safi na kavu. Ng'ombe hakuwapo. Alikuwa ng'ombe mmoja tu, mweusi mwenye uso mweupe, aliyeitwa Chelel, na kilima kizima kilijua lita alizotoa kwa siku.

Nje ya zizi walikuwa wamekusanyika watu wapatao arobaini. Katikati yao, chini kwenye matope, alikaa Zack Nyamwange, mfanyakazi wa boma hilo kwa miaka kumi na tisa. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya ng'ombe yule yule aliyedaiwa kumwiba.

"Hii kamba ilipatikana wapi?" Tecla aliuliza.

"Nyuma ya nyumba yake, afande. Chini ya magunia."

"Nani aliiona kwanza?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa Noah Kipkosgei, mtu mnene wa miaka hamsini, mtoto wa kwanza wa mwenye boma. Ndiye aliyekuwa mlalamishi.

"Na ng'ombe mwenyewe?"

"Hiyo ng'ombe saa hii inakula ndizi huko kwao Kisii!" mtu mmoja akapaza sauti, na umati ukaangua kicheko.

Tecla hakucheka. Alimgeukia Konstebo Kipyegon. "Mfungue. Kamba weka kwenye mfuko wa vielelezo. Na nyinyi wengine, mshukiwa huyu ni wa polisi. Atakayemgusa tutaondoka naye."

Kisha akamketisha Kipkosgei kwenye benchi la barazani na kufungua daftari.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Watu wote wa nyumbani walienda Kapkatet hospitalini. Binti yangu amejifungua. Hata mzee alibebwa akamwone kitukuu. Nikabaki mimi na huyu mtu."

"Ukifanya nini?"

"Kukausha mahindi. Hapo uani, kwa turubai. Tangu saa sita mpaka jua likashuka. Saa kumi na moja nikaenda kukamua, nikakuta zizi liko hivyo unavyoliona."

"Hukutoka hata kidogo?"

"Hata chooni nilienda mbio, madam, juu ya kuku, wasidonoe mahindi."

"Na Nyamwange alikuwa wapi?"

"Kwa shamba la chai. Hivyo ndivyo yeye anasema."

"Una picha ya ng'ombe?"

Kipkosgei alitoa simu yake, akatafuta picha, akampa. Ilikuwa simu ya kijani, kama simu nyingi za kilima kile. Mwaka uliotangulia kampuni moja ilizileta kwa vikundi vya wakulima kwa bei nafuu, na Tecla mwenyewe alikuwa nayo moja mfukoni. Alikuwa akiutazama ule uso mweupe wa Chelel wakati utepe wa maandishi uliposhuka kutoka juu ya kioo, ukazifunika pembe. Aliona nyota tano za njano. Kidole gumba chake kikaufagia utepe kabla jicho halijasoma.

Wote walifanya hivyo. Simu hizo zilikuja na programu ya hali ya hewa iliyoitwa Anga Leo, ambayo hakuna aliyeiomba na hakuna aliyeweza kuitoa. Ukiigusa ili uiondoe, ilikuuliza kama una uhakika. Ukisema ndiyo, ilikushukuru, ikabaki. Ukiizima, ilijiwasha baada ya siku mbili. Iliongea kwa sauti ya mwanamke mchangamfu, wakati wowote iliotaka. Wiki mbili zilizopita, mchungaji akiwa anaomba kando ya kaburi huko Sosiot, ilitangaza kutoka mfuko wa mmoja wa wabeba jeneza kwamba siku ilikuwa nzuri kwa kupanda. Watu walijifunza kuifukuza kama nzi, bila kuitazama.

"Nitakwenda na simu hii kituoni, picha inakiliwe," Tecla alisema. "Utaipata kesho. Unakubali?"

"Chukua, chukua. Sina siri." Kipkosgei alitia sahihi kwenye fomu bila kusita.

Wakirudi garini, Tecla na Kipyegon walikata njia katikati ya michai. Ardhi ilikuwa imetapakaa majani mabichi yaliyochanika vipande vipande. Tecla alidhani ni umati uliopita hapo na marungu yao. Hilo nalo aliliandika katika ripoti.

Karibu na lango alikuwa amesimama Mzee Kipkurui, baba yake Kipkosgei, mwenye shamba na mwenye ng'ombe. Umri wake ulikuwa umepita miaka themanini. Hakumtazama Zack alipopandishwa garini.

"Afande," alisema, "huyu mtu ameiba?"

"Bado tunachunguza, mzee."

"Chunguza haraka. Kesho saa nne nina kazi yake kwa Bodi ya Ardhi. Kama ameiba, siendi."

Tecla hakuelewa maneno hayo mpaka saa sita, mke wa Zack alipofika kituoni kwa miguu. Aliitwa Moureen Nyatichi, na alikuwa amebeba chupa ya chai na sahani iliyofungwa kwa leso.

"Kazi gani hiyo ya kesho, mama?" Tecla alimuuliza.

"Ni ile robo eka ya juu, madam. Zack aliipanda chai mwenyewe, ilikuwa kichaka tu. Mzee alisema mbele ya kanisa, akasema tena mbele ya chifu: hiyo ni ya Zack na watoto wake. Kesho ndiyo Bodi inakaa, anatia sahihi." Akafuta jasho kwa ncha ya leso. "Sasa wametuambia tutoke kwa nyumba leo kabla jua halijatua. Miaka kumi na tisa, madam. Watoto wangu wote wamezaliwa kwa hicho kilima. Nikiwapeleka Kisii, nitawaonyesha nani?"

"Hamtatoka. Nitamweka askari pale."

"Na kesho?"

Tecla alihesabu saa kichwani. Sheria ilimtaka amfikishe Zack mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Kesho saa tatu angesomewa shtaka la wizi wa mifugo, na saa nne Bodi ingeketi bila mzee. Hata kama mahakama ingemwachilia baadaye, jina lingekuwa limekwisha kuharibika, na Mzee Kipkurui hakuwa mtu wa kubadili neno mara mbili.

Akaenda chumba cha mahojiano. Zack alikuwa mwembamba, mwenye mikono iliyopakwa weusi wa utomvu wa chai. Alikuwa na uvimbe juu ya sikio.

"Nani alikupiga hapo?"

"Hakuna, afande. Ni mvua ya mawe."

"Nieleze jana."

"Niliingia kwa chai asubuhi. Saa nane hivi nikasikia inakuja kutoka bondeni, kama lori la kokoto. Nikaweka kikapu kichwani, mawe yakanipata tu upande huu. Nikajificha chini ya mti wa mkrevilea. Ikapita. Nikaangalia chai, nikataka kulia."

"Ulimwona nani?"

"Nani atakaa nje kwa mvua hiyo?"

"Kamba ilifikaje nyuma ya nyumba yako?"

"Sijui, afande. Kama ningeiba ng'ombe, ningeacha kamba? Nimvute na nini, na sikio?"

Kipyegon aliyekuwa akiandika maelezo alikohoa ili asicheke. Tecla aliandika: *Mshukiwa hana shahidi.* Akafunga daftari.

Saa saba na nusu alikuwa ofisini, chai ikipoa mezani. Kipyegon alikuwa akihangaika na simu yake mwenyewe, ya kijani vilevile.

"Bado unapigana na hiyo?"

"Madam, hii kitu itanizika. Nimeondoa michezo, nimeondoa redio, nimeondoa hata ile ya benki. Hii inaniuliza, 'Una uhakika, Kipyegon?' Imejuaje jina langu?"

Simu ya Tecla ikalia mezani. Utepe ukashuka juu ya kioo. Kidole gumba kilikwisha kuinuka, kama kawaida yake, lakini safari hii macho yalitangulia.

*Jana ulikuwa Kapkatet. Utabiri wetu ulikuwa sahihi? Tupe nyota.*

Chini yake zilipangwa nyota tano za njano.

Tecla alibaki kidole kikiwa hewani, akiukumbuka utepe alioufagia asubuhi kwenye simu ya Kipkosgei. "Kipyegon. Hii kitu inajua nilikokuwa jana?"

"Inajua kila mahali, madam. Hiyo ndiyo inaniudhi kabisa. Nimeizuia mara kumi, inajifungulia."

"Leta simu ya mlalamishi."

Waliikagua pamoja, kwa utaratibu, kila hatua ikiandikwa. Orodha ya simu zilizopigwa ilikuwa tupu. Ujumbe wote ulikuwa umefutwa. Ramani ilikuwa imeondolewa. Kwa mtu asiye na siri, Kipkosgei alikuwa amefanya usafi mkubwa. Katika kioo kizima zilibaki picha, kikokotoo, na kile kijumba cha buluu chenye wingu ambacho kila mtu alikilaani.

Kipyegon alikifungua. Ndani yake, chini ya matangazo mawili ya mbolea, palikuwa na sehemu iliyoandikwa *Safari zako za anga*. Akaigusa.

*Jumanne, 12:18. Chebirir. Mawingu.*

*Jumanne, 14:52. Siongiroi. Jua kali.*

*Jumanne, 17:40. Siongiroi. Jua.*

Tecla alizisoma mara mbili. Kisha Kipyegon akanong'ona, "Siongiroi! Alikuwa kule Chepalungu."

"Simu yake ilikuwa Chepalungu," Tecla alimsahihisha. "Mashine huweza kukosea. Tafuta mtu ambaye hawezi."

Alimpigia Winny, karani wa kituo cha kupimia majani cha Chebirir.

"Winny, jana jioni ulipokea majani ya upande wa kina Kipkurui?"

"Wapi, madam! Niliyakataa yote. Mstari ule wote ulipigwa na mawe, majani yamekuwa kama kachumbari. Mawe yalijaa hapa mlangoni mpaka watoto wakayakusanya kwa sufuria."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu mpaka saa tisa. Na ajabu, ng'ambo ya barabara hata tone."

Tecla alishukuru, akakata simu. Akayakumbuka majani yaliyochanika njiani. Akalikumbuka turubai la mahindi ambalo Kipkosgei alidai lilikaa uani, kwenye jua, tangu saa sita mpaka jua likashuka. Mkulima wa chai aliyepigwa na mvua ya mawe hazungumzi jambo lingine kwa wiki nzima. Hukimbilia shambani kabla hata mawe hayajayeyuka. Kipkosgei hakuitaja hata kwa neno moja. Hakuijua.

"Washa gari," alimwambia Kipyegon.

Walifika Siongiroi saa kumi. Swali la nani Kipkosgei alimjua huko lilijibiwa kwa simu moja kwa chifu: shemeji yake, dada wa mkewe, aliyeitwa Rebeccah. Walimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe mweusi mwenye uso mweupe. Ndoo ilikuwa tupu.

"Chamgei, mama," Tecla alimsalimu.

"Chamgei mising. Kama mmekuja kununua maziwa, mtangoja. Hii ng'ombe imenikatalia tangu jana. Inageuka tu kuangalia njia, kama bibi arusi."

"Ni yako?"

"Ya shemeji. Ameiweka hapa tu. Alisema huko kwao kuna ugonjwa wa miguu na midomo, nimchungie mpaka upite."

"Alikuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa pikapu. Alikula ugali hapa akashiba. Hiyo simu yake ikaanza kelele, 'Siongiroi, jua kali, siku njema mkulima!' Akaikalia. Ikaendelea kuongea chini yake! Tulicheka mpaka akakasirika." Rebeccah akaziona buti za Kipyegon, kisha bunduki begani mwake, na kicheko kikamtoka usoni. "Kwani nimefanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu, mama. Utaandikisha taarifa tu."

Kibati cha namba cha sikioni mwa ng'ombe kilikuwa kimeng'olewa; kidonda kilikuwa kibichi. Lakini Rebeccah alikuwa ametunza kibati chenyewe katika kopo la chumvi, kwa kuwa, alivyosema, mali ya mtu haitupwi.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, Kipkosgei aliitwa kituoni kuchukua simu yake. Alikuja amevaa koti, pamoja na baba yake. Mzee aliachwa kwenye benchi la nje. Tecla alimsomea Kipkosgei haki zake, akamwonya kwamba maneno yake yangeandikwa. Kipkosgei alitabasamu kama mtu anayesikia tangazo la redio.

"Mahindi yalikauka?" Tecla aliuliza.

"Yalikauka vizuri."

"Jua lilitosha?"

"Jumanne? Lilichoma kweli."

"Na mvua ya mawe?"

"Mvua gani?"

"Iliyovunja chai ya baba yako saa nane na nusu. Imemvimbisha Zack kichwa. Winny amekataa majani ya mstari mzima. Wewe ulikuwa uani, mahindi yako juu ya turubai, hukusikia?"

Tabasamu lilibaki usoni, lakini bila mtu ndani yake. "Nilikuwa... labda nililala."

"Juu ya turubai?"

Kipkosgei alifungua kifungo cha koti.

Tecla aliisukuma simu ya kijani mezani, kioo kikimwelekea. "Ulifuta ujumbe. Ulifuta simu zote. Ukaondoa ramani. Kwa nini hukuiondoa hii?"

Kipkosgei aliitazama ile orodha fupi. Alipojibu, sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, wa kwanza tangu Jumatano. "Haitoki! Afande, hii kitu haitoki! Muulize mtu yeyote!"

"Najua. Hata yangu haitoki."

Hapo ndipo, kutoka uga wa kituo, ng'ombe waliyemleta usiku kutoka Siongiroi alipolia. Ulikuwa mlio mrefu wa ng'ombe ambaye hajakamuliwa. Nje, benchi lilikwaruza sakafu. Mzee Kipkurui alikuwa amesimama. Alikuwa ameitambua sauti.

Kipkosgei aliweka kiganja juu ya macho.

"Ungemuuza kwa wachuuzi wa sokoni, pengine nisingempata," Tecla alisema kwa upole. "Lori za Siongiroi huondoka kila siku. Kwa nini ulimweka kwa shemeji?"

"Ng'ombe ya baba haiuzwi." Alisema hivyo kama mtu aliyetukanwa. "Ilitoka kwa ng'ombe aliyopewa na babu. Unaweka kwa ndugu, siku moja unarudisha. Mimi si mwizi."

"Lakini Zack angekuwa mwizi."

"Kwa siku chache tu. Mpaka Bodi ipite."

"Kamba uliiweka wewe?"

"Ni mimi."

"Ni kwa ajili ya robo eka?"

Kipkosgei aliizungusha simu juu ya meza. Kipyegon aliacha kuandika, akangoja.

"Nina eka sita, afande. Robo ni nini? Lakini nenda pale juu uangalie. Chai yake imelala sawa kama meza. Watu wakipita njiani wanasema, 'Chai ya Nyamwange.' Kwa shamba letu! Baba anapeleka wageni pale. Anasimama, anasema, 'Mnaona?' Yangu iko hapo chini tu, hatua thelathini. Hajawahi kuwaleta." Akameza mate. "Nimeichuma tangu nikiwa darasa la tatu. Hajawahi kusema hata siku moja, 'Noah, hii ni nzuri.' Sasa anampa mtu wa kazi kwa kalamu, na mimi nipige makofi?"

"Ungemwambia baba."

"Baba haambiwi."

Alitia sahihi maungamo saa mbili kasoro dakika tano.

Zack alitolewa seli. Alipoufikia uga, Chelel alikwisha kuivuta kamba yake mpaka ikakaza. Zack alimpapasa shingo. Alimwomba Kipyegon ndoo, akachuchumaa, akaegemeza kichwa ubavuni, upande usio na uvimbe, na maziwa yakaanza kupiga bati kwa sauti iliyofika hadi ofisini. Moureen, aliyekuwa langoni tangu alfajiri, alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo, kisha akaona hakuna sababu ya kujiziba, akapiga vingine vitatu. Askari wa zamu wakapiga makofi. Hata mahabusu waliokuwa dirishani walishangilia, bila kujua wanashangilia nini.

"Madam," Kipyegon alisema, akiinua simu yenye utepe mpya, "inauliza tena. Tuipe nyota ngapi?"

"Moja. Imetusaidia, lakini hakuna aliyeiruhusu kutufuata."

Mzee Kipkurui alikuja mpaka katikati ya uga. Alimtazama mwanawe aliyekuwa mlangoni na pingu. Kisha akamgeukia Zack. Akavua kofia.

"Nilikuambia nini jana?"

"Hukuniambia kitu, mzee. Hukuniangalia."

"Hilo ni kosa langu." Akavaa kofia tena. "Saa ngapi sasa, afande?"

"Saa mbili na nusu, mzee."

"Bodi inaanza saa nne. Zack, maliza kukamua, uoshe uso. Mama, wewe pia panda gari. Na njiani tutapitia Chebirir, nichukue kitambulisho."

Tecla aliwapa gari la kituo.

Noah Kipkosgei alikiri mahakamani kosa la kutoa habari za uongo kwa polisi, akahukumiwa miezi sita ya kazi za jamii. Tangu mwezi wa tano, majani ya robo eka ya juu ya Chebirir hupimwa kwa jina la Zack Nyamwange.